Mapanga Hawazikwi

15 Oktoba

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, wajukuu zangu wasije wakasema walidanganywa na majirani: mimi, Eudy Polanco wa Caña Vieja, ndiye mpiga ngoma hodari kuliko wote waliowahi kuzaliwa kisiwa hiki, hai na marehemu. Msimu uliopita nilipiga hadi mrushaji mpira wa Majogoo, mahasimu wetu, akasahau anarushia mkono gani. Mvua ikija na mimi napiga, inasubiri nimalize. Shule niliiacha darasa la saba, kwa kuwa walimu walishachoka kunikimbiza.

Leo ligi ya besiboli imeanza. Timu yetu ni Mapanga, jina la haki kwa mji ambao kila mtu ana babu aliyekata miwa. Na mwaka huu kombe ni letu, kwa sababu Deivi Mañón anarudi. Deivi ni wa mtaa huu huu, sasa anacheza kaskazini kwa Wamarekani, na amesema redioni kwamba ligi ya kule ikilala atakuja kuchezea kwao. Bibi yangu, Bibi Tila, ndiye aliyemlisha wakati mama yake yuko kiwanda cha sukari.

"Yule mtoto," Bibi anasema, "alimaliza sufuria zangu za ndizi za kuponda kabla hajajua kuhesabu. Leo anapiga mpira unavuka barabara. Mnadhani nguvu hizo zilitoka kwa Wamarekani?"

Tumefungwa nne kwa mbili. Refa ni kipofu.

16 Oktoba

Tumefungwa. Upepo.

19 Oktoba

Leo nimewatia adabu Majogoo.

Nilikuwa dukani kwa Ney, watu wanacheza domino chini ya redio, akaingia Nelfo kinyozi. Nelfo anaishi mtaa wetu, anakula wali wetu, ananyoa vichwa vyetu, lakini alizaliwa mji wa Majogoo na duka lake la kunyolea amelipaka rangi nyekundu ya Majogoo mpaka kiti.

"Fundi wa ngoma, jiandae," akasema. "Seremala ananiuliza. Mwaka huu tuwazike kwa mbao, au boksi la friji linatosha?"

Hapa kwetu timu ikitoka mashindanoni huzikwa. Mashabiki wa wapinzani huchonga jeneza, wakaweka fulana yako ndani, mmoja akajifanya padri, wanaume wanne wakavaa magauni meusi na kulia kama wajane, wakapita mtaa kwa mtaa hadi bustani ya mji. Miaka miwili mfululizo jeneza limekuwa letu.

Nikasimama. Wanaonijua walishika vikombe vyao.

"Mwaka huu msibebe jeneza tupu," nikasema. "Mapanga wakimaliza chini ya Majogoo, nilazeni mimi humo ndani. Mnipitishe mji mzima."

Hata wa domino waliacha kucheza.

"Na mfuniko?" akauliza Nelfo.

"Na mfuniko."

"Na misumari?"

"Misumari kamgongee mama mkwe wako. Nyinyi mkimaliza chini je?"

"Nanyoa kichwa. Na nyusi."

Tukaweka viganja juu ya redio ya Ney, na hapa mtu aliyeapa juu ya redio ya Ney harudi nyuma. Nilitoka nimeinua kidevu hadi nikajikwaa kreti ya soda.

20 Oktoba

Bibi amesikia. Alinisubiri mlangoni na taulo lililolowa, na wanaojua taulo lililolowa wanajua.

"Jeneza halilaliwi kwa mzaha! Mauti yakishachukua kipimo chako hayakisahau."

"Bibi, kwani tutashindwa? Deivi anakuja."

"Nyumba hii aliyeingia kwenye jeneza ni babu yako peke yake, na aliingia amevaa fulana ya Mapanga, akabebwa na watu wa Mapanga. Sikukulea mimi uje ubebwe na Majogoo!"

Nimelalia tumbo leo. Mgongo unawaka.

24 Oktoba

Tumefungwa. Kocha Fello anamwacha mrushaji uwanjani hadi mkono wake unakuwa kama tambi ya jana.

25 Oktoba

Tumeshinda! Ngoma yangu.

26 Oktoba

Tumefungwa. Mwenye kupuliza tarumbeta alikuwa na mafua.

2 Novemba

Mvua. Hakuna mchezo. Siku nzuri kuliko zote mwezi huu, hatujafungwa.

6 Novemba

Deivi hajaja. Timu yake ya kaskazini inasema bega lake lipumzike. Bega! Jana mtu kamwona mji mkuu ameinua jenereta peke yake.

9 Novemba

Awamu ya sita kati ya tisa umeme ulikatika, uwanja ukawa mweusi tii. Watu wakapiga kelele "Aaaah!" ile tunayopiga kila umeme ukikatika, majumbani na makanisani. Nilipiga ngoma gizani karibu saa nzima, watu wakacheza, bibi mmoja akachumbiwa hapo hapo. Ilikuwa starehe. Umeme uliporudi tukakumbuka tuko nyuma kwa pointi saba.

Wakati wa kutoka kuna jamaa alichoma picha ya Deivi langoni. Sikumzuia. Nilimwazima kiberiti.

10 Novemba

Bibi ameambiwa habari ya kiberiti. Hakuchukua taulo. Alisema tu, "Wewe bosi wako wa gereji akikwambia usiguse pikipiki leo, unagusa?" Mimi natengeneza pikipiki kwa Tavito, na ukweli ni kwamba Tavito akisema usiguse, hata kivuli chake sikigusi.  Nimefikiri.

17 Novemba

Tumefungwa.

18 Novemba

Tumefungwa. Nelfo amepita gerejini na futi ya kushonea.

"Nyoosha mguu kidogo, marehemu."

"Anza kuzipima nyusi zako, ndizo zitakazozikwa."

"Mabega mapana haya. Itabidi mbao ziongezwe."

Tavito alicheka hadi spana ikamwangukia mguuni. Na mimi nilicheka. Lakini nilinyoosha mguu na futi ikapita juu yangu kutoka kisigino hadi utosini, ikawa baridi kidogo.

27 Novemba

Watu uwanjani wamepungua. Jukwaa letu tumebaki sisi wa bendi, wauza karanga, na mzee mmoja ambaye nadhani hajui njia ya nyumbani. Ndipo ninapowapenda zaidi Mapanga. Kushangilia bingwa hata kasuku anaweza. Kushangilia timu iliyofungwa kumi na mbili kwa sifuri, na bado ukapiga ngoma hadi kiganja kikapasuka, hiyo ni kazi ya watu. Caña Vieja tuna watu.

3 Desemba

Tumeshinda mara tatu mfululizo. Simwambii mtu kitu. Sipumui.

7 Desemba

Nne! Nilipita mbele ya duka la kunyolea nikimwimbia Nelfo wimbo wa nyusi, nimeutunga mwenyewe, ni mzuri kuliko wa taifa. Alinirushia brashi ya kunyolea.

12 Desemba

Hesabu imebaki hivi, na hata asiyemaliza darasa la saba anaielewa: michezo miwili, yote na Majogoo. Wa kwanza kwetu, wa pili kwao. Tukishinda yote miwili tunamaliza juu yao. Tukipoteza hata mmoja, mimi naingia ndani ya mbao.

15 Desemba

Deivi amekuja!

Hakuja na msafara. Alikuja na kandambili, akasimama mlangoni petu akiwa amejaa mlango mzima, akainamisha kichwa kama tunavyofundishwa tangu utotoni.

"Nibariki, Mama Tila."

"Mungu akubariki, mwanangu. Kaa. Umekonda."

Hajakonda. Ni kama jokofu la Ney. Bibi akamwekea ndizi za kuponda, salami ya kukaanga, vitunguu na jibini, naye akala bila kuinua uso, kisha akasema taratibu, "Mama Tila, wamenikatalia tangu Oktoba. Nimewapigia simu hadi wamenichoka. Sasa wamenipa ruhusa ya mchezo mmoja, huu wa keshokutwa, na nipige mara moja tu. Kocha ataamua lini. Nataka uwepo."

Bibi hajakanyaga uwanjani tangu babu afariki. Mechi anasikiliza redioni, kiti cha babu mbele yake kitupu.

"Mtu akila kwangu namfuata anakokwenda," akasema. "Nitakuwepo."

"Nitakuwekea kiti nyuma ya wavu, karibu na kituo cha nyumbani. Nitakuona nikisimama kupiga."

Mimi nilikuwa natafuta pa kuficha uso, kwa ajili ya kile kiberiti. Deivi alinipiga bega. "Wewe ndiye mwenye ngoma? Redioni nakusikia hadi kule." Hadi kule! Nchi ya theluji wananisikia! Niandike tena: hadi kule.

17 Desemba

Bibi alivaa gauni la bluu la kanisani na kofia ya Mapanga ya babu, ambayo inamfika masikioni. Alitembea hadi uwanjani kwa miguu, mkono wake juu ya mkono wangu, akisalimia kila mlango.

"Unakwenda wapi, Tila?"

"Kumwona mwanangu akipiga. Nyinyi mnakwenda wapi, kuangalia tamthilia?"

Na watu kweli walizima televisheni, wakatufuata. Uwanja ulijaa kama zamani. Niliacha bendi yangu juu jukwaani nikakaa naye nyuma ya wavu, ngoma magotini.

Sasa niseme haraka. Awamu ya kwanza Majogoo waliingiza pointi tatu. Ya tatu, mbili. Ya tano kocha Fello alimwacha mrushaji, kama kawaida yake, nao wakaingiza nne nyingine. Tisa kwa moja. Deivi alikuwa amekaa kwenye benchi amevaa kofia yake ngumu, rungu katikati ya magoti, na kila mpigaji akiitwa watu wote wanamwangalia kocha, na kocha anaangalia viatu vyake.

Awamu ya sita nikasikia kicheko upande wa kushoto, nikageuka. Majogoo walikuwa wameliingiza jeneza uwanjani. Mbao nzuri, lazima niseme ukweli, zimepigwa msasa na kupakwa rangi nyeupe. Walilipitisha juu ya vichwa, mkono kwa mkono, jukwaa zima, na ubavuni limeandikwa jina langu kwa herufi nyekundu. Wajane walikuwa wameshaanza kulia. "Eudy weeee! Ametuacha bado mbichi!" Watu wetu nao wakaanza kucheka.

Awamu ya saba miguu ya Bibi ikaanza kumsumbua. Ni mtu mzima, kiti cha chuma, siku ndefu. Nikamchukua tukaondoka.

Tulikuwa tumefika kwenye mkokoteni wa Lula anayeuza mkate wa nyama wakati redio yake ilipoanza kupiga kelele. Awamu ya nane Mapanga tumeingiza tatu. Awamu ya tisa, ya mwisho, mbili nyingine. Tisa kwa sita. Wapigaji wetu wawili wameshatolewa, amebaki mmoja, na vituo vyote vitatu vina watu wetu, maana yake mpira mmoja ukivuka ukuta unaingiza wanne. Mtangazaji akasema, "Kocha amesimama. Amemwita Deivi Mañón."

Lula aliacha nyama ikaungua. Bibi alishika ukingo wa mkokoteni.

Mpira wa kwanza, alikosa. Wa pili, alikosa. Wa tatu hatukuusikia redioni, tuliusikia hewani, kelele iliyotoka uwanjani ikapita juu ya mabati yote ya mji, mbwa wakaanza kubweka. Kumi kwa tisa! Nililia, nilirukaruka, nilimkumbatia Lula na mafuta yake yote. Kumi kwa tisa, mpira mmoja, mtoto wa ndizi za Bibi Tila! Taja mji mwingine wenye kitu kama hicho. Taja!

Mtangazaji akasema, "Deivi amevuka kituo cha nyumbani, amevua kofia, amesimama mbele ya wavu. Kama vile anamtafuta mtu."

Bibi akasema, "Haya, twende."

18 Desemba

Deivi alipita asubuhi kuaga, ndege yake ni ya mchana.

"Nibariki, Mama Tila. Nilikutafuta."

"Mungu akubariki. Miguu, mwanangu. Uzee hauombi ruhusa kama wewe."

"Kijana alikusaidia?"

"Sana," Bibi akasema, akaenda kuangalia kahawa.

Mtaani wananisifu. Ney ameniambia mbele ya watu, "Kijana wa kweli huyu, kaacha mchezo wa karne kwa ajili ya miguu ya bibi yake." Nilisema ni wajibu.

20 Desemba

Mchezo wa mwisho, kwao. Tulikwenda kwa lori la miwa, watu kama sabini, bendera kama mia. Deivi hayupo, lakini vijana walicheza kama wote ni Deivi. Kocha Fello, sijui nani alimroga, alimtoa mrushaji kwa wakati! Tulifika awamu ya mwisho sare, mbili kwa mbili. Mtu wao akapiga mpira wa kizembe, ukadunda mara mbili, ukapita katikati ya miguu ya mlinzi wetu wa kituo cha pili, kijana mdogo wa mtaa wa kiwandani. Tatu kwa mbili.

Kijana alikaa chini palepale, uso magotini. Msimu ulipoanza ningempigia ngoma ya kumzomea, na mimi nikianza watu elfu wananifuata. Leo niliteremka hadi wavuni nikampigia ile ngoma tunayowapigia mabingwa, nzima, mwanzo hadi mwisho. Alisimama kabla sijamaliza.

21 Desemba

Nelfo alikuja nyumbani na chupa ya ramu ya tangawizi kwa ajili ya Bibi. Akanivuta kando.

"Sikia, mdogo wangu. Mambo ya redio ya Ney ni mambo ya vijana. Mama mzima yule hataki uingie mle. Tuweke fulana tu, nitawaambia wenzangu una homa."

Miezi miwili nimemwona huyu mtu kama shetani mwenye wembe. Kumbe ana moyo.

"Jogoo," nikamwambia, "wewe ungenyoa nyusi?"

Akafikiri. "Ningenyoa."

"Basi chukua vipimo upya. Nimeongezeka."

Bibi alikuwa ameshasikia kutoka jikoni. Nilitegemea taulo. Akasema, "Aliyeapa ameapa. Ila utaingia na fulana iliyopigwa pasi."

23 Desemba

Mbao zikifunikwa, dunia inabaki na harufu ya msasa na sauti ya pumzi zako. Walinibeba sita. Niliambiwa nje kulikuwa na padri wa Majogoo mwenye bakuli la maji na ufagio, wajane wanne, mmoja na ndevu, na tarumbeta ikipiga ya mazishi. Majivu ya miwa yalikuwa yanaanguka, kiwanda kimeshaanza kuchoma mashamba, hivyo hata mbingu ilivaa msiba.

Lakini hawakuuliza kwa nini marehemu ni mzito. Nilikuwa nimeingia na ngoma.

Tulipofika kona ya Ney nikaanza. Pole pole kwanza, kwa vidole. Wabebaji walisimama. Kisha nikapiga ya mabingwa kwa kiganja kizima, na ndani ya jeneza ngoma haina pa kwenda ila juu, ikavuma kama mtaa mzima umefunikwa. Nikasikia milango ikifunguliwa. Nikasikia sufuria, makopo, vifuniko, watu wetu wanatoka. Nikasikia Ney anapiga kelele, "Mapanga hawazikwi!" na mtaa unajibu. Wabebaji wangu, Majogoo damu, wakaanza kucheza, nikawa natupwa huku na huku kama maharage kwenye ungo. Tulipofika bustanini walinifunua, na mtu wa kwanza niliyemwona ni Bibi, kofia ya babu masikioni, akicheza nyuma ya jeneza na yule mjane mwenye ndevu.

"Huyu ni mjukuu wangu!" alikuwa anawaambia hata wanaonijua. "Huyu, huyu, ni mjukuu wangu!"

Tumemaliza wa mwisho kwenye ligi. Semeni mtakavyo. Hakuna bingwa aliyewahi kubebwa vile.

24 Desemba

Nguruwe yuko motoni tangu asubuhi, uani kumejaa moshi na majirani, na Nelfo anakata mkate kana kwamba ananyoa. Wote wanasimulia jeneza. Kila akija mgeni, Bibi anamsimulia tena, na akifika kwenye mchezo wa Deivi anasema haraka, "Ule sikuuona, miguu," kisha anaruka kwenda mbele.

Nimemsikia akisema hivyo tangu asubuhi, kwa kila mtu. Ndiyo maana nimeingia chumbani kuandika.

Msimu huu nimelaumu refa, upepo, mafua ya mpiga tarumbeta, kocha Fello, umeme na bega la Deivi. Hayo yote ni besiboli, yanapita. Kitu kimoja tu kiliharibika kweli, na hakikuharibiwa na Mapanga.

Miguu ya Bibi ilikuwa mizima. Awamu ya saba aliniambia, "Kaa, mwanangu bado hajapiga." Mimi nililiona jina langu linapita juu ya vichwa, nikasikia watu wangu wanacheka, nikashindwa kukaa. Nikasema mvua inakuja. Hakukuwa na wingu. Akaangalia juu, akaniangalia mimi, akasimama. Njiani alitembea mbele yangu, na mimi na ngoma yangu tulikuwa tunakimbia kumfikia.